Chungu Kilichofunga Tarehe: Risaga, Egesangio na Ratiba ya Kazi Gusii

Mama wa Gusii, magharibi mwa Kenya, aliyetaka majirani wamlimie shamba hakuanza kwa kuwaita. Alianza kwa kuloweka wimbi. Nafaka ilichipua, ikaanikwa, ikasagwa kuwa kimea. Unga mwingine ukachachushwa na kukaangwa, kisha vyote vikatiwa maji, vikaachwa viumuke. Kazi hiyo ilikula siku nyingi, na ikishaanza haikuwa na kurudi nyuma. Amarwa, yaani pombe hiyo, ikiiva ni ya kunywewa, haingoji. Hivyo aliyekosea hesabu alipokea majirani pombe ikiwa bado mbichi, au pombe ilimchachia huku shamba likingoja. Tarehe ya kulima ilifungwa na chungu, si jembe.

Kazi ya namna hiyo iliitwa risaga: majirani wa eneo moja hukusanyika siku moja kwa kazi kubwa, na jioni mwenyeji huwanywesha. Mwanaanthropolojia Philip Mayer aliandika juu ya ushirikiano huu katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1951. Maandishi ya aina hiyo tumezoea kuyasoma kama habari za ujirani mwema. Ujirani mwema ulikuwepo, sikatai. Lakini ndani yake mna elimu ya kupanga kazi, na kwa kutoitaja tumewanyima bibi zetu sifa wanayostahili.

Itazame egesangio. Hiki kilikuwa kikundi kidogo, mara nyingi cha wanawake, kilichozunguka shamba hadi shamba kwa zamu, kazi ikilipwa kwa kazi. Palizi ya wimbi ndiyo iliyokihitaji zaidi. Wimbi lilipandwa kwa kumwagwa, si kwa mistari, na likiwa changa limefanana mno na ndugu yake wa mwituni. Hulipalilii kwa jembe la haraka. Unainama, unatazama jani kwa jani. Na katika vilima hivi mvua ni nyingi, hasa Aprili na Mei, magugu hayalali. Kabla wimbi la pombe halijalowekwa, risaga ingeweza kusogezwa wiki moja. Palizi haikusogezeka.

Hapo ndipo penye ugumu ambao msimamizi yeyote wa mradi anaujua. Wa kwanza kwenye zamu hupaliliwa magugu yakiwa machanga. Wa mwisho hungoja huku shamba lake likizidi kumezwa. Zamu ikichelewa kwa mmoja, wote walio nyuma yake wamechelewa. Wala hapakuwa na daftari. Mpango wote ulikaa vichwani mwa wanawake hao, na aliyekwepa siku ya mwenzake alijua siku yake itakavyokuwa.

Katikati ya miaka ya 1950 mwanaanthropolojia Robert LeVine alikuwa Gusii, akikusanya habari za kitabu chake kilichotoka mwaka 1966 juu ya jamii aliyoiita Nyansongo. Miaka hiyohiyo huko Marekani, mwaka 1957, Morgan Walker wa kampuni ya DuPont na James Kelley walikuwa wakitafuta kwa kompyuta mbinu ya kutambua, katika mradi wenye kazi nyingi, zile ambazo zikichelewa siku moja mradi wote unachelewa siku moja. Mbinu yao inafundishwa vyuoni hadi leo. Mama aliyeloweka wimbi lake kwa wakati alikuwa akijibu swali hilohilo.

Ratiba hiyo ilivunjwa polepole, kutoka pande nyingi. Misheni ya Waadventista ya Nyanchwa ilianzishwa mwaka 1912. Walioongoka waliacha pombe, na Jumamosi ikatoka katika siku za jembe. Wanaume walikwenda kufanya kazi ya mshahara, wengine kwenye mashamba ya chai ya Kericho. Mahindi yakachukua nafasi ya wimbi, na mashamba yakagawanywa hadi kipande cha familia kikawa hakihitaji kundi zima.

Kisha ikaja chai. KTDA, mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, iliundwa mwaka 1964, na leo viwanda kama Kebirigo, Tombe na Sanganyi huko Nyamira, au Kiamokama na Ogembo upande wa Kisii, ndivyo vinavyopanga siku ya mkulima. Majani yaliyochumwa hayana budi kufika kiwandani siku hiyohiyo. Yakishindiliwa guniani hupata moto na kubadilika rangi. Mchumaji huamka akifikiria lori na karani wa kituo. Ni ratiba kali na imeleta karo na mabati, lakini saa yake inatoka nje ya boma. Ya egesangio ilipangwa na wapaliliaji wenyewe, nami kwa hilo naiona kuwa kazi kubwa zaidi.

Waliopalilia wimbi kwa zamu ni wazee sana sasa. Msomaji wa Kisii au Nyamira, kama magokoro wako, yaani bibi yako, yu hai, usimwulize tu kama walisaidiana. Mwulize nani alitangulia katika zamu, kwa nini yeye, na mvua ilipoharibu siku walipanga vipi upya. Andika majibu yake, na jina la kijiji, kabla mwaka huu haujaisha.