Lenzi za Usiku na Kipimo cha Kweli cha Miopia kwa Vijana

Utangulizi

Kutoona mbali kwa mtoto anayekua, hali ambayo wataalamu huiita miopia, mara nyingi husababishwa na jicho kurefuka kupita kiasi. Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa karibu milimita 17 kutoka mbele hadi nyuma. La mtu mzima lina karibu milimita 24. Likirefuka kuliko inavyotakiwa, taswira ya kitu cha mbali hutua mbele ya retina, na maandishi ya ubaoni huonekana kama yamefunikwa na ukungu. Miwani ya kawaida huirudisha taswira mahali pake lakini hailizuii jicho kurefuka, ndiyo maana mtoto yuleyule hurudi mwaka baada ya mwaka kuongezewa nguvu ya miwani. Madhara makubwa huja ukubwani. Retina iliyovutwa huwa nyembamba, na uwezekano wa kubanduka kwake, wa makula (sehemu ya katikati ya retina) kuharibika na wa kupata glakoma huongezeka. Mark Bullimore na Noel Brennan walionesha mwaka 2019 kwamba kila dayopta moja (kizio cha nguvu ya lenzi) ya miopia inayozuiwa hupunguza kwa takribani 40% uwezekano wa makula kuharibiwa na miopia.

Makala haya yanachunguza njia mojawapo ya kupunguza kasi ya jicho kurefuka: lenzi ngumu zinazovaliwa wakati wa kulala ili kubadilisha umbo la konea (sehemu angavu ya mbele ya jicho), tiba inayoitwa othokeratolojia. Hoja ninayoitetea ni kwamba lenzi hizi zinafanya kazi, ila mafanikio yake hayawezi kupimwa kwa uoni wa asubuhi. Kliniki isiyopima urefu wa jicho haiwezi kujua kama inautibu ugonjwa au inauficha, hivyo haistahili kuzitoa kama tiba ya miopia.

Namna lenzi inavyofanya kazi

Wazo la kuisawazisha konea kwa lenzi ngumu lilianzishwa na George Jessen nchini Marekani katika miaka ya 1960. Lenzi za wakati huo zilivaliwa mchana, na matokeo yake yalikuwa madogo na yasiyotabirika. Mabadiliko yalikuja kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, zilipobuniwa lenzi zenye mkunjo wa kinyume: katikati zimebapa kuliko konea, na kuzunguka sehemu hiyo zina mkunjo mkali zaidi. Kupatikana kwa malighafi inayopitisha oksijeni kwa wingi ndiko kulikowezesha zivaliwe usiku kucha. Mwaka 2002 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha lenzi ya kwanza ya aina hiyo kwa matumizi ya usiku, lengo likiwa kurekebisha uoni kwa muda.

Anapokagua lenzi, mtaalamu hutia jichoni rangi ya fluoreseini kisha huimulika kwa mwanga wa buluu. Lenzi iliyokaa vizuri huonesha duara jeusi katikati, ambako machozi ni haba, na pete ya kijani iliyokoza inayolizunguka, ambako machozi yamekusanyika. Pete ikiwa imeegemea upande mmoja, lenzi imeteleza, na mtoto ataamka akiona vivuli. Kinachobadilika hasa ni tabaka la juu kabisa la konea: katikati hupungua unene kwa mikroni chache, na pembeni huongezeka. Mtoto akiacha kuvaa lenzi, konea hurudia umbo lake baada ya siku au wiki chache.

Kwa nini badiliko dogo namna hiyo la mbele ya jicho lipunguze kurefuka kwa nyuma yake? Maelezo yanayokubalika zaidi yanahusu pembezoni mwa retina. Majaribio ya Earl Smith na wenzake huko Houston yalionesha kwamba jicho la nyani mchanga huongozwa katika ukuaji wake na taswira inayofika pembezoni, hata sehemu ya katikati ya retina ikiwa imeharibiwa. Miwani ya kawaida huweza kuiacha taswira ya pembezoni nyuma ya retina, na jicho hurefuka kuifuata. Konea iliyobadilishwa umbo usiku huileta taswira hiyo mbele, hivyo msukumo wa kurefuka hupungua.

Ushahidi kutoka Hong Kong

Utafiti uliozipa lenzi hizi nafasi katika tiba ya miopia ulitoka Chuo Kikuu cha Politekniki cha Hong Kong. Pauline Cho na Sin-Wan Cheung waligawa kwa nasibu watoto wenye umri wa kati ya miaka 6 na 10: kundi moja likapewa lenzi za usiku, jingine miwani ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Baada ya miaka miwili, macho ya waliovaa miwani yalikuwa yamerefuka kwa wastani wa milimita 0.63, na ya waliovaa lenzi kwa milimita 0.36. Kasi ilikuwa imepungua kwa 43%.

Msomaji makini anaweza kupinga kwamba urefu wa jicho hupimwa kuanzia uso wa konea, na lenzi huupunguza unene wa konea yenyewe. Huenda basi tofauti hiyo ni ya kipimo tu. Pingamizi hilo halisimami. Tofauti kati ya makundi hayo mawili ni milimita 0.27, yaani mikroni 270. Tabaka la juu la konea lote lina unene wa takribani mikroni 50. Hata kama lingetoweka kabisa, lisingeweza kueleza hata robo ya tofauti hiyo.

Pingamizi zito zaidi linahusu kuacha tiba. Cho na Cheung walifuatilia pia watoto walioacha lenzi baada ya miaka miwili, na mwaka 2017 wakaripoti kwamba kuacha kabla ya umri wa miaka 14 kulifuatiwa na jicho kurefuka haraka kuliko la watoto waliokuwa wakivaa miwani. Kwa hiyo mzazi anayeanza tiba hii anaingia katika ahadi ya miaka mingi, na ni haki yake kuelezwa hivyo siku ya kwanza.

Umri una uzito wake. Katika utafiti wa 2012, miongoni mwa waliovaa miwani, 65% ya watoto wa miaka 7 hadi 8 walikuwa na miopia iliyoongezeka kwa zaidi ya dayopta moja kwa mwaka. Kwa wale wa miaka 9 hadi 10 walikuwa 13% tu. Lenzi zilishusha viwango hivyo hadi 20% na 9%. Nchini Marekani, utafiti wa muda mrefu ulionesha kwamba miopia ya karibu nusu ya watoto walio nayo hutulia wakifikisha miaka 15, na zaidi ya robo tatu wakifikisha 18. Maana yake ni kwamba kijana wa miaka 16 anayeweza kujivalisha lenzi bila msaada huenda hana tena cha kuokoa, ilhali mtoto wa miaka 7 anayefaidika zaidi hawezi kuzitunza peke yake. Uamuzi hauwezi kufanywa kwa kuangalia umri tu. Inabidi kujua jicho hilo linarefuka kwa kasi gani.

Hapo ndipo uoni wa asubuhi unapopotosha. Konea ikishabadilishwa umbo, kipimo cha kawaida cha miwani hakiwezi kufichua ongezeko la miopia. Jicho linaweza kuwa linarefuka kwa kasi ileile huku mtoto akisoma ubao vizuri na mzazi akishukuru. Ni mashine ya kupima urefu wa jicho pekee, inayotumiwa kabla ya kuanza tiba na kila baada ya miezi sita, ndiyo itakayosema ukweli.

Hatari na chanzo chake

Lenzi inayovaliwa usiku hukaa chini ya kope lililofungwa, mahali penye oksijeni kidogo, na mchubuko mdogo wa konea waweza kuwa mlango wa vijidudu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, visa vya maambukizi makali ya konea viliripotiwa Asia Mashariki, vingi vikitoka China. Kathleen Watt na Helen Swarbrick walipochambua visa 50 vya kwanza mwaka 2005, walikuta wagonjwa wengi wakiwa na umri wa miaka 9 hadi 15, na kijidudu kiitwacho akanthamiba kikihusika katika 30% ya visa. Kiumbe huyu huishi katika maji, ya bomba yakiwemo. Lenzi zilizosuuzwa bombani, vibweta visivyobadilishwa na watoaji wasio na mafunzo ndivyo vilivyokuwa vyanzo vikuu.

Utafiti wa Bullimore na wenzake nchini Marekani, wa mwaka 2013, ulikadiria maambukizi 13.9 kwa kila watoto 10,000 wanaovaa lenzi hizi kwa mwaka mmoja, lakini ukingo wa makadirio hayo ulianzia 1.7 hadi 50.4. Hatari basi ni ndogo, ila haijulikani kwa usahihi wa kuridhisha, na sehemu kubwa yake imo mikononi mwa familia: kunawa kwa sabuni na kukausha mikono, kutogusisha lenzi maji ya bomba, na kuziacha mara jicho linapouma au kuwa jekundu.

Kwa Afrika Mashariki swali lina sura nyingine. Uchunguzi wa Susanne Wedner na wenzake katika shule za sekondari jijini Mwanza, uliochapishwa mwaka 2002, uliwakuta wanafunzi wenye miopia wakiwa 5.6% tu, na chini ya theluthi moja ya waliohitaji miwani ndio waliokuwa nayo. Mahali ambapo miwani ya kawaida haijamfikia mwanafunzi, lenzi za usiku haziwezi kuwa kipaumbele cha umma.

Hitimisho

Othokeratolojia ni tiba halali kwa mtoto ambaye jicho lake limepimwa na kuthibitika kurefuka haraka, katika nyumba inayoweza kutunza usafi usiku kwa usiku kwa miaka kadhaa. Kuiuza kama njia ya kuepuka miwani ni kuificha faida yake na hatari yake kwa pamoja. Mzazi anayependekezewa tiba hii aulize jambo moja kabla ya kulipa: jicho la mwanangu lina urefu gani leo, na mtalipima tena lini? Asipopata jibu la milimita, amrudishie mtoto wake miwani na atafute kliniki nyingine.