Umbali na Faraja: Familia za Watoto Wenye Saratani katika Bonde la Kilombero

Historia ya tiba katika Bonde la Kilombero imeandikwa zaidi kama historia ya malaria, hasa tangu Rudolf Geigy, mwanasayansi wa Uswisi, alipoanzisha maabara ya utafiti mjini Ifakara mwaka 1957. Saratani ya watoto haikupewa uzito huo, ijapokuwa magonjwa hayo mawili yana uhusiano. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji jijini Kampala, alieleza uvimbe wa taya unaowapata watoto. Safari yake ya mwaka 1961, iliyopitia Tanganyika, ilionesha kuwa uvimbe huo hutokea zaidi katika nyanda zenye joto na mvua nyingi. Baadaye ulihusishwa na malaria. Insha hii inajadili hali ya familia ya mtoto mgonjwa, na hoja yake ni kwamba msaada wa kisaikolojia hauwezi kutenganishwa na suala la umbali.

Mfano wa awali unapatikana Mahenge, kusini mwa bonde. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall alianzisha huko kliniki ya wagonjwa wa kifafa, waliotengwa kwa kudhaniwa kuwa ugonjwa huo unaambukiza. Dawa pekee hazikutosha. Ilibidi ndugu nao waelimishwe ili wampokee mgonjwa wao. Huduma hiyo iliwezekana kwa sababu ilitolewa karibu na familia.

Kwa saratani, mambo yalikwenda kinyume. Tiba maalumu ilijikita Dar es Salaam, katika Hospitali ya Ocean Road, iliyofanywa taasisi ya saratani mwaka 1996. Kutoka Ifakara safari hiyo ni zaidi ya kilomita 400 kwa barabara. Waliotoka Mahenge na Malinyi walitangulia kuvuka mto kwa kivuko, hadi Daraja la Magufuli lilipofunguliwa mwaka 2018.

Umbali huo uliigawa familia. Tiba ya saratani ya damu huweza kudumu miaka miwili au zaidi, ilhali mama anayemuuguza mtoto ndiye pia mkulima wa mpunga na mlezi wa watoto waliobaki nyumbani. Hivyo, hofu ya kifo iliambatana na hofu ya njaa, nauli na lawama za ukoo. Kukatiza tiba katika mazingira hayo hakupaswi kutafsiriwa kuwa ni ujinga wa mzazi.

Mabadiliko yalionekana mwaka 2011, huduma ya watoto ilipohamishiwa Muhimbili na shirika la Tumaini la Maisha likaanza kuwasaidia kwa malazi, michezo na masomo. Malazi yalimwezesha mzazi kukaa na mwanawe na kukutana na wazazi wenzake.

Kwa kuhitimisha, historia hii inaonesha kuwa kitanda cha mlezi na nauli ya kurudi Ifakara ni sehemu ya faraja yenyewe. Ushauri nasaha unaoishia wodini humwacha nje baba aliyebaki shambani, pamoja na ndugu za mtoto wanaosubiri habari.