Silsila, Si Asili

Mwezi uliopita nilitazama maonyesho madogo ya vitu vya kale hapa Malindi. Chini ya kila kitu pamebandikwa kadi yenye mistari minne: jina, umri, mmiliki, na wa mwisho, “Asili”. Mstari huo wa mwisho umenikosesha usingizi, kwa kuwa walioandika walikusudia provenance, yaani historia ya umiliki wa kitu, neno ambalo mwenye mnada na mtunza makumbusho hawalikosi hata siku moja. Tafsiri hiyo imepitishwa na kamati ya istilahi. Kamati hiyo niliiandikia barua ya kurasa tatu kabla haijachapisha orodha yake. Sikupata jibu, na orodha ikatoka vile vile. Basi niliyoyaandika kule nayaleta kwa wasomaji.

Asili ni aslu ya Kiarabu, yaani mzizi. Kiswahili kimelitunza neno hilo kwa uaminifu: tuna asili, asilia, hata asilani. Mzizi ni mmoja na hauondoki ulipo. Provenance limetoka katika kitenzi cha Kifaransa provenir, nacho katika Kilatini provenire: kutoka mahali na kuja mbele. Hilo ni neno la mwendo, na kamati imelitafsiri kwa neno lililosimama.

Anayeona huu ni ubishi wa maneno matupu atazame kigango, nguzo ya mbao ya kumkumbuka marehemu. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee wa Kigiriama kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake marehemu. Kigango husimamishiwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama, na kikishasimama hakihamishwi, hata watu wa mji wakihama. Muda mfupi baadaye viwili hivyo viliibwa. Mwaka 1999 Udvardy alikiona kimoja katika slaidi za mtafiti mwenzake, Linda Giles: kilikuwa katika mkusanyo wa Illinois State University. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya Hampton University, jimbo la Virginia. Vilirudi Kenya mwaka 2006 na 2007.

Sasa niulize: asili ya vigango hivyo ilifichwa? Haikufichwa. Kila aliyevinunua alijua kwamba ni vya Wagiriama wa Kenya, na ndiyo sababu alivinunua. Asili ilikuwa sahihi, na mali ilikuwa ya wizi. Kilichofichwa ni mikono: nani aliving'oa usiku, nani alivipokea, nani alivipakia, nani alivinadi. Kadi yenye mstari wa “Asili” ingejazwa kwa haki kabisa na mwizi mwenyewe.

Neno langu ni silsila. Kwa Kiarabu ni mnyororo, na sauti zake zinazojirudia, sil na sil, ni kama pete zinazogongana. Kiswahili kimelipokea kwa maana ya nasaba na ya mfuatano wa watu. Shekhe akitoa ijaza, yaani idhini ya kufundisha, hutaja silsila yake: alisoma kwa nani, na huyo alisoma kwa nani, na pete moja ikikosekana wanafunzi huuliza. Mtu anayenunua shamba Watamu au Mtwapa naye haulizi asili ya shamba. Huuliza: wewe uliuziwa na nani, na yeye alilipata wapi? Wazo tunalo, na jina lake tunalo. Kamati ilikwenda kutafuta nini kwingine?

Wako wanaosema silsila ni Kiarabu kizito. Dalali ni Kiarabu, mwenye kuonyesha njia. Mnada unatokana na kuita kwa sauti, kwa Kiarabu pia. Na asili wanayoipigania imetoka huko huko. Mwenzangu mmoja anashikilia chimbuko, na ameliandikia kwa kelele nyingi. Chimbuko namwachia mwanaakiolojia, kwani ni lake: sarafu ya enzi ya Yongle iliyofukuliwa Mambrui mwaka 2010 ina asili ya Uchina na chimbuko la Mambrui. Silsila yake ni habari nyingine, ya mabaharia na wafanyabiashara. Wengine wanataka nasaba, lakini nasaba ni ya damu, na kitu hakizai.

Wanadi wa mbali wanalijua hili. Kadi ya besiboli ya Honus Wagner, iliyotolewa na kampuni ya tumbaku kati ya 1909 na 1911, iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 7.25. Kadi zake zote zina asili moja. Lakini mwaka 2013 dalali Bill Mastro alikiri kwamba nakala iliyokuwa mashuhuri kuliko zote aliikata kingo kabla ya kuiuza. Alikuwa pete moja tu katika silsila ya kadi ile, na pete hiyo ndiyo iliyoiharibu.

Matumizi ni mepesi: silsila kamili, silsila iliyokatika, silsila ya kubuni; na katika mnada, kila fungu na silsila yake.

Mwaka 2019 makumbusho ya Denver yalirudisha vigango 30, na mwaka 2023 Illinois State Museum ikarudisha 37. Tulishukuru. Lakini vingi havijulikani viling'olewa mji gani, na mzee wa Kaloleni au Ganze hawezi kukiombea kigango ambacho hajui ni cha marehemu yupi. Vimerudi kwenye asili yao, na bado havijafika nyumbani. Umbali uliobaki kati ya ghala vilimowekwa na ule mji ndio ninaouita silsila, na ndio naomba uandikwe kwenye mstari wa nne.