Kasindi, Kivuko cha Chumvi

Nimesikia mara nyingi, na aghalabu kutoka vinywani mwa watu waliosoma, ya kwamba Kasindi, mpakani mwa Kongo na Uganda, si mji bali ni foleni ya malori. Kwamba lau forodha ingehamishwa leo, kesho pangebaki mabanda matupu na mbwa. Na kwamba mwenye kutafuta tarikhi ya nchi ya Wanande aende Beni au Butembo, asipoteze nauli yake kuteremka mpaka mtoni. Kauli hii imenikera miaka mingi, kwa sababu wanaoisema huwa wamepita Kasindi wakiwa ndani ya gari, macho yao kwenye karatasi za mizigo, wala hawakushuka kuutazama mto.

Asili ya watu wa pande hizi inajulikana na haihitaji wino mwingi. Wanande wa upande wa Kongo, ambao wenyewe hupenda kujiita Wayira, na Wakonjo wa upande wa Uganda ni watu wamoja wenye lugha moja, waliotengwa na mto Lubiriha katika ramani lakini wasitengwe katika mahari, matanga wala madeni. Na atakaye ukale zaidi ya huo aelekee magharibi, pale mto Semliki utokapo katika Ziwa Edward, ndipo Ishango, ambako mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mfupa mdogo wenye chale zilizopangwa safu tatu, na kichwani umepachikwa kijiwe, ambao umri wake hukadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Wako wasemao kuwa ni hesabu, wako wasemao kuwa ni kalenda ya mwezi, na wako wasemao kuwa ni mikwaruzo ya kushikia tu. Nao mfupa wenyewe uko Brussels, na mtoto wa Kasindi atakaye kuutazama hana budi kuomba viza kwanza.

Lakini jambo ambalo waandishi hulipita mbio, nami nataka kulikalia, ni chumvi. Mashariki ya Lubiriha, mwendo wa siku moja kwa miguu, liko ziwa la Katwe, ndani ya kinywa cha volkano ya kale, maji yake mazito na rangi yake haitulii, mara ya kijivu mara nyekundu, na harufu yake humfikia mtu kabla macho hayajaliona. Wanaume huingia majini mpaka kifuani kubandua mabamba ya chumvi yaliyo chini, na ukingoni yako majaruba ya udongo ambamo maji huachwa kukaushwa na jua. Kila jaruba lina mwenyewe, na hurithiwa kama shamba. Kabla Mzungu hajaliona ziwa hili, watu wa milima ya magharibi walikuwa wakiteremka na vyakula vya mlimani, wakavuka Semliki, wakaukata uwanda, wakavuka Lubiriha, kisha wakarudi na mizigo ya chumvi migongoni, kamba zimepita katika paji la uso. Wasafiri wa namna hiyo hawavuki mto popote; huvuka palipo na kina kidogo, na hapo hapo hukaa wakangojana, wakapika, wakauziana. Basi mimi nauliza: soko la Kasindi lilianza siku ilipojengwa forodha, au forodha ilifuata watu mahali walipokwisha kuzoea kukutana?

Bwana Stanley, aliyepita nchi hii mwaka 1889 akimtoa Emin Pasha katika jimbo la Ikweta, ametuachia masimulizi marefu, na wengi wameyanakili bila kuyapima. Wakati huo Katwe ilikuwa mikononi mwa Warasura, askari wa Kabarega, mfalme wa Bunyoro, chini ya amiri aliyeitwa Rukara, na pato la chumvi lilikwenda kwa bwana wao. Stanley asema kuwa alipokaribia, Rukara alikimbia, na watu wakapata uhuru. Haya si uongo, ila ni nusu ya habari. Waliomwongoza Stanley katika uwanda ule na kupigana mbele yake walikuwa Wakonjo wenyewe, ambao ugomvi wao na Warasura ulikuwa na umri mkubwa kuliko msafara wake. Na waliobeba bunduki na mizigo yake walikuwa Waungwana wa Unguja, kwa hiyo Kiswahili kilisikika katika uwanda huu kabla ya Kifaransa na Kiingereza kupata makao humo. Fauka ya hayo, uhuru ule haukudumu: Kapteni Lugard alipofika mwaka 1891 aliwakuta watu wa Kabarega wamekwisha rudi ziwani, akajenga ngome aliyoiita Fort George, na wala hakuficha ya kuwa muradi wake mmoja ulikuwa kumkatia Kabarega pato la chumvi.

Sasa tazama ajabu ya kalamu. Mwaka 1885 Mfalme Leopold alitangaza ya kuwa dola yake ya Kongo itakomea, kwa upande huu, katika mstari wa nyuzi 30 mashariki ya Greenwich, na mapatano ya 1894 na Waingereza yakaushika mstari huo huo. Lakini mstari huo, ukiufuata juu ya ardhi, wapita mashariki ya Katwe! Kwa sheria ya karatasi, basi, ngome ya Lugard na ziwa la chumvi lote vilikuwa katika nchi ya Leopold, na Waingereza wamekaa katika nyumba ya jirani wakimtoza mwenye nyumba kodi. Wapimaji wa pande mbili walizunguka nchi ile katika miaka ya 1907 na 1908 wakitazama nyota, na tarehe 14 Mei 1910, huko Brussels, wakubwa wakauacha mstari na kuushika mto, wakauandika Lubilia kwa kuwa masikio yao hayakusikia vema. Wanatarikhi wa diplomasia hushikilia ya kuwa shauri lile lote lilikuwa juu ya Mfumbiro na Kivu, kule kusini. Sikatai, lakini kwa rai yangu, aliyechagua Lubiriha badala ya Semliki au mstari wa nyota alijua vizuri ni nani atakayebaki na chumvi na ni nani atakayebaki na njia yake. Katwe ikawa ya Waingereza. Kasindi ikabaki na kivuko.

Na Kasindi ipi? Hapa pana kosa jingine linalonakiliwa. Kasindi ya ramani za kwanza, kituo cha dola ya Kongo ambacho msafara wa Duke wa Mecklenburg ulikipitia katika safari yake ya 1907 na 1908, ilikuwa ukingoni mwa Ziwa Edward, mahali paitwapo leo Kasindi-Port. Hifadhi ya Albert ilipoanzishwa mwaka 1925, na kupanuliwa baadaye, Kasindi ya ziwani ikajikuta miongoni mwa viboko na tembo, mvuvi akihitaji ruhusa pale babu yake alipohitaji mtumbwi tu. Na jina likapanda bara pamoja na biashara, likakaa barabarani, kando ya daraja, ndiyo Kasindi-Lubiriha. Anayesema mji huu hauna umri huhesabu tangu jina lilipohama.

Mengine ni ya jana na nitayapitia upesi. Mobutu na Amin waligawiana hata majina ya maziwa. Uchumi wa Zaire ulipodhoofu, kahawa ya Wanande ilivuka usiku kwa magendo kwenda Uganda, na vitenge, sabuni na mafuta vikarudi. Novemba 1996 waasi wa Uganda waitwao ADF walitoka upande huu wakaishambulia Mpondwe, ng'ambo ya mto. Katika vita vilivyofuata ushuru wa Kasindi ulilisha serikali ya waasi ya Beni, nao matajiri wa Butembo wakaikopesha ushuru huo kabla mizigo haijafika. Mwaka 2019 Ebola ilivuka hapa. Januari 2023 bomu liliua watu kanisani siku ya ubatizo, na Juni ya mwaka huo huo wanafunzi wakachinjwa ng'ambo ya mto. Tangu 2021 Uganda imeingia katika ujenzi wa lami kuelekea Beni, umbali wa kilomita 80 hivi.

Ijumaa moja, siku ya soko la Mpondwe, nilikaa kando ya daraja asubuhi. Lubiriha ulikuwa umeshuka kutoka Ruwenzori na maji ya baridi, mekundu kwa udongo, yakigongana na mawe. Malori yaliyokuja kwa mkono wa kushoto yalihamia wa kulia mara tu yalipoingia Kongo, yakipiga honi. Alikuja mama mmoja, gunia dogo mgongoni, kamba katika paji la uso, na katika pembe ya gunia palikuwa na tobo lililodondosha punje za kijivu. Ilikuwa chumvi ya Katwe. Kijana wa kizuizi alimwambia amechelewa. “Mwanangu,” akajibu bila kusimama, “nimetoka ng'ambo saa tatu, na hapa kwenu ni saa mbili.”