Sikukuu ya Jamhuri (Kenya)

Sikukuu ya Jamhuri, maarufu kama Jamhuri Dei, ni siku ya taifa la Kenya inayoadhimishwa kila tarehe 12 Desemba. Hubeba matukio mawili yaliyopishana kwa mwaka mmoja kamili: uhuru kutoka kwa Uingereza mwaka 1963, na kuundwa kwa jamhuri mwaka 1964. Ni mojawapo ya siku tatu za taifa zilizotajwa na kifungu cha 9 cha Katiba ya 2010. Nyingine ni Madaraka (1 Juni) na Mashujaa (20 Oktoba). Jina limeegemea tukio la pili, lakini shamrashamra nyingi ni za lile la kwanza.

Historia

Usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963, kwenye uwanja ulio kando ya Barabara ya Lang'ata jijini Nairobi, ambao leo huitwa Uhuru Gardens, bendera ya Uingereza iliteremshwa na ya Kenya ikapandishwa. Prince Philip alihudhuria kwa niaba ya Malkia. Uhuru ulikuwa umepatikana, lakini Elizabeth II alibaki mkuu wa dola, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Malcolm MacDonald, na Jomo Kenyatta alikuwa waziri mkuu tu. Tanganyika ilikuwa imepitia njia hiyohiyo: uhuru 9 Desemba 1961, jamhuri 9 Desemba 1962.

Mwaka ule wa katikati ya uhuru na jamhuri ndio husahauliwa. Katiba iliyotoka kwenye mazungumzo ya Lancaster House, London, iligawa madaraka kwa majimbo na kuweka Seneti. KADU, chama cha Ronald Ngala, kiliipigania kwa kuhofia jamii ndogo zisije zikamezwa. KANU, chama cha Kenyatta, iliikubali shingo upande. Wabunge wa KADU wakawa wanahama mmoja mmoja, hadi 10 Novemba 1964 chama chenyewe kikavunjwa na Ngala akawaongoza waliosalia kujiunga na serikali. Upinzani ukawa umekwisha. Mwezi mmoja baadaye jamhuri ilizaliwa bila kura ya maoni na bila uchaguzi mpya: aliyekuwa waziri mkuu akawa rais, mkuu wa dola na wa serikali kwa pamoja, na Oginga Odinga akawa makamu wake. Majimbo yalipokonywa nguvu. Seneti nayo iliondolewa mwaka 1966, ikarudishwa na Katiba ya 2010 iliyoleta kaunti 47.

Ukanda wa Pwani

Uhuru huo ulihitaji pia kusuluhisha suala la Pwani: hadi mwaka 1963 ukanda wa maili kumi wa Pwani ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Uliingizwa Kenya kwa makubaliano ya Oktoba mwaka huo, yaliyoahidi kulinda mahakama za kadhi.

Maadhimisho

Wananchi huanza kupanga foleni nje ya uwanja wa sherehe kabla hakujapambazuka. Wachuuzi huwapitia na vibendera, skafu na bangili za shanga nyeusi, nyekundu, nyeupe na kijani. Jukwaa lenye kivuli ni la waalikwa; mwananchi huketi upande wa jua, na jua la Desemba si la mchezo.

Rais huingia akiwa amesimama ndani ya gari la wazi la kijeshi na kuzunguka uwanja akiwapungia watu mkono (Daniel arap Moi, alipokuwa rais, alipunga rungu lake). Hupigiwa mizinga 21, kisha hukagua gwaride. Kilele cha gwaride ni bendera ya kikosi kupitishwa kwa mwendo wa polepole mbele ya safu za askari huku bendi ikipiga, desturi iliyorithiwa moja kwa moja kutoka jeshi la Uingereza, ingawa siku yenyewe ni ya kuagana na Mwingereza. Hufuata ndege za kivita, kwaya, na ngoma kama isukuti ya Waluhya na sengenya ya Wadigo.

Hotuba ya rais huwa kama mbili. Ya kwanza husomwa kwa Kiingereza kutoka karatasini, imejaa takwimu za barabara na mikopo. Akishaiweka kando na kuingia Kiswahili, umati huamka, na maneno ya kesho yake magazetini mara nyingi hutoka hapo. Katika kaunti, kamishna huisoma ileile ya karatasini.

Siku hii pia watu hutunukiwa nishani za taifa. Herufi za nishani hizo (EGH, CBS, OGW) aliyetunukiwa huzibandika nyuma ya jina lake, na hazimwachi hata kwenye tangazo la kifo.

Siku hizi

Madaraka na Mashujaa zimekuwa zikizungushwa katika kaunti tangu miaka ya 2010. Jamhuri kwa kawaida imebaki Nairobi. Miaka 50 ya uhuru iliadhimishwa Kasarani mwaka 2013, na 60 Uhuru Gardens mwaka 2023. Ikiangukia Jumapili, Jumatatu huwa mapumziko. Kwa kuwa shule huwa zimefungwa na Krismasi iko karibu, kwa familia nyingi za mjini ndio mwanzo wa safari za mashambani, na nauli huanza kupanda.