Darubini ndogo: lenzi za jicho, stendi, na changa la macho la "mara 525"

Tangu nianze kutoka nje usiku na bomba langu hapa Nkuhungu, Dodoma, swali ninaloulizwa kuliko yote ni moja: "Dogo, hiyo inavuta mara ngapi?" Siwalaumu, maana hata mimi siku nanunua niliuliza hivyohivyo, na ndiyo maana nikaingizwa mjini.

Boksi lilikuwa limeandikwa "mara 525" kwa maandishi makubwa, na picha ya Zohali ya rangi pembeni. Duka silitaji. Ndani kulikuwa na darubini ya lenzi yenye maandishi D=60mm, F=700mm, lenzi za jicho tatu (20mm, 12.5mm na 4mm), lenzi ya Barlow ya mara 3, na stendi ya alumini nyembamba kama antena ya redio. Usiku wa kwanza nikachomeka 4mm pamoja na Barlow, nikalenga mwezi. Nikaona uji. Uji wa kijivu unaotetemeka! Nilimaliza form four na fizikia nilifaulu, lakini hesabu hii sikuifanya kabla ya kutoa hela.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua F ya bomba, gawanya kwa namba ya lenzi ya jicho. 700 kwa 20 ni mara 35. 700 kwa 12.5 ni mara 56. 700 kwa 4 ni mara 175, ukizidisha na Barlow ya 3 ndio unapata ile 525 yao. Kwa hiyo hawajadanganya kwenye hesabu, ila wamenyamaza kuhusu D. Upana wa lenzi ya mbele ndio unaoamua mwanga unaoingia, na kipimo kinachotumika sana ni kwamba usizidishe mara mbili ya D kwa milimita. D yangu ni 60, mwisho wangu ni mara 120, tena usiku hewa imetulia. Zaidi ya hapo unakuza ukungu tu.

Na wala huhitaji hata hiyo 120 kuanza. Galileo mwaka 1610 aliuona Mshtarii na miezi yake minne kwa chombo cha mara 20 hivi. Mwaka 2009, Mwaka wa Kimataifa wa Astronomia, ilitolewa darubini ya bei nafuu kwa ajili ya wanafunzi, Galileoscope, ya milimita 50, na lenzi yake ya kawaida inakuza mara 25 tu. Miezi ya Mshtarii inaonekana.

Sasa lenzi gani ununue? Angalia herufi iliyo mbele ya namba. H (Huygens) na SR ndizo za kwenye maboksi ya bei rahisi, tundu lake la kuchungulia ni dogo. K (Kellner) ni afadhali. Plössl ndiyo ningemshauri mtu ajichange aipate, hasa ya 25mm au 32mm. Ukiwa na 32mm kwenye F=700 unapata mara 22, na Kilimia chote kinaingia kwenye duara moja. Kwa 20mm yangu ya H hakienei. Ya pili iwe ya 10mm hivi kwa ajili ya pete za Zohali, basi. Ila pima kwanza kipenyo cha tundu kwa rula! Lenzi nyingi siku hizi ni milimita 31.7, lakini darubini nyingi za zamani na za bei rahisi zina tundu la 24.5. Mimi niliagiza bila kupima, ikaja, haiingii.

Tuje kwenye stendi, hapa ndipo wengi tunachemsha. Ziko aina mbili: ya kawaida, inayokwenda juu-chini na kushoto-kulia, na ile inayoitwa ya ikweta, yenye uzito wa kusawazisha, ambayo mhimili wake unaelekezwa kwenye ncha ya anga. Ya ikweta inaonekana ya kitaalamu na utavutiwa. Lakini Dodoma tuko nyuzi 6 hivi kusini, kwa hiyo ncha ya kusini iko nyuzi 6 tu juu ya upeo, karibu inalala chini, na hakuna nyota kali ya kuionyesha. Stendi hizi nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani. Ukiinamisha mhimili mpaka nyuzi 6, nyingine zinagoma, nyingine ule uzito unagonga mguu. Yaani stendi ya ikweta haitaki kukaa karibu na Ikweta, jamani!

Chukua ya kawaida, ila iwe nzito na ndefu. Huku kwetu mwezi na sayari hupita karibu na utosi, kwa hiyo bomba linasimama wima na usipokuwa na kile kipande cha kona chenye kioo utachungulia umelala kwenye vumbi. Halafu kuna upepo wa Dodoma, hasa kiangazi, ambapo ndipo anga linakuwa safi. Nilimpelekea fundi seremala akanitengenezea miguu ya mbao, katikati nikaning'iniza mfuko wa mawe. Mtetemo ukapungua sana. Kumbuka dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa: kwa mara 175 sayari inatoka kwenye duara chini ya dakika moja, kwa mara 35 unakaa nayo kama dakika nne. Ukiwa na wadogo zako kumi wanaopanga foleni, utaelewa.

Kitu cha mwisho, na hiki si utani. Boksini mwangu kulikuwa na kioo kidogo cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, eti cha kutazamia jua. Joto lote la jua linakusanyika hapohapo, kinaweza kupasuka ukiwa umeweka jicho. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa, kule Rujewa, Mbarali, likabaki pete, watu wengi walitamani kutazama. Kichujio cha jua kinafungwa mbele ya bomba, kabla mwanga haujaingia, na kiwe kimetengenezwa kwa kazi hiyo. Changu nimekivunja kwa nyundo.

Mwenye kipande cha kona cha kutoka 24.5 kwenda 31.7 na yuko Dodoma aniandikie hapo chini, Plössl yangu bado iko kwenye soksi. Nawakilisha.