Mtoi wako ni moto kwa boli? Cheki hizi 5 kabla umpeleke timu hapa Mumias

Kila koch Mumias atakushow timu yake ndiyo noma. Poa. Lakini kabla ujaze fomu, angalia haya:

1. Umri. Koch akisema umpunguzie mtoi miaka ndio acheze na wadogo, hepa. Miaka feki ikishikwa, anayefungiwa ni mtoi wako.

2. Karatasi. Uliza kama timu inasajili wachezaji na FKF. FIFA huhesabu pesa za malezi ya mchezaji kuanzia mwaka anaofikisha miaka 12. Timu yenye rekodi ina sababu ya kumlea vizuri. Usisaini kitu hujasoma, na ubaki na kopi.

3. Ajenti wa "Ulaya". FIFA imekataza uhamisho wa nje kwa aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kesi chache, kama familia kuhama kwa sababu zisizo za boli. Mtu akiitisha ganji ya majaribio majuu, huyo ni konmani.

4. Shule. Magharibi, njia ya kutoboa hupitia darasani: cheki Green Commandos wa Kakamega School ama Scorpions wa Musingu. Tizi ikigongana na masomo, tafuta timu ingine.

5. Mazoezi. Tokea bila kutangaza. Mipira ni mingapi? Kuna sanduku la huduma ya kwanza? Wale wa benchi hucheza, ama ni kubeba maji tu? Koch hutukana watoi?

Mkifika home, muulize mtoi kama anataka kurudi kesho. Akinyamaza, usimlazimishe.